Jina, Mwana na Mtunza Bustani: Imani katika Mbolezi za Rudyard Kipling

Katika Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Afrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ukumbusho huo ulizinduliwa mwaka 1928. Chini ya sanamu mna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na kumbukumbu za Mombasa na Dar es Salaam zina maandishi ya kauli iyo hiyo. Aliyeyatunga kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling. Mihadhara ya fasihi haina desturi ya kuyahesabu mabamba ya shaba kuwa fasihi, na kwa hiyo maandishi haya, ambayo huenda yamepitiwa na macho mengi kuliko diwani nyingi za Kiswahili, hayapati mhakiki. Makala haya yanakusudia kuyasoma jinsi isomwavyo mbolezi yoyote, kando ya mbolezi nyingine ambazo mtungaji huyo huyo aliandika baada ya kufiwa na mwanawe vitani. Swali litakaloulizwa ni moja: anapomheshimu askari aliyekufa, Kipling anategemea imani gani, na je, imani anayojipa yeye mwenyewe huwapa wafiwa wengine pia?

Kipling alizaliwa Bombay mwaka 1865 na akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1907. Sifa yake ya kuwa mpiga zumari wa ubeberu wa Kiingereza ni sifa aliyoifanyia kazi kwa mikono yake, wala hakuna haja ya kumvua. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alizaliwa Agosti 1897. Vita vilipozuka mwaka 1914, kijana huyo alikataliwa jeshini kwa sababu ya udhaifu wa macho. Baba mtu alimwendea rafiki yake, Lord Roberts, mkuu wa heshima wa kikosi cha Irish Guards, na nafasi ikapatikana. Tarehe 27 Septemba 1915, katika mapigano ya Loos kaskazini mwa Ufaransa, wiki sita tu baada ya kutimiza miaka 18, John alionekana amejeruhiwa. Kisha hakuonekana tena. Maiti yake haikupatikana. Wazazi walitafuta habari kwa muda mrefu, wakiwahoji askari walionusurika mmoja baada ya mwingine.

Yafaa kuitazama vizuri hali hii ya mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa, maana humo ndimo yalimochipuka maandishi yote yatakayojadiliwa. Jamii za pwani ya Afrika Mashariki zina taratibu za kumzika mtu asiyekuwapo: inaruhusiwa kumswalia maiti aliye mbali, na hitima husomwa bila ya kaburi kuwa karibu. Lakini taratibu zote hizi zinataka jambo moja, nalo ni yakini ya kifo. Mjane hawezi kuanza eda yake ya miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mtu anayesemekana tu kwamba hajaonekana. Aliyetoweka vitani huwaweka jamaa zake nje ya mlango wa matanga. Kulia wanalia, lakini kuomboleza hawajapewa ruhusa. Hali hiyo inafanana kote, awe mfiwa ni wa Sussex au ni wa Mrima.

Wasomaji wengi huanza na "My Boy Jack", shairi lililotoka mwaka 1916, na hulichukua kuwa kilio cha Kipling kwa mwanawe. Usomaji huo una haraka. Shairi lilitolewa pamoja na makala kuhusu mapigano ya majini ya Jutland, na jina Jack kwa Waingereza ni jina la baharia yeyote. John hakuwa baharia. Hata hivyo haielekei kwamba baba mwenye msiba wa mwaka mmoja angeweza kutunga majibizano baina ya mzazi aulizaye habari za kijana wake na sauti imjibuye kwamba habari hakuna, bila ya kujisikia mwenyewe ndani yake. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni aina ya faraja inayotolewa. Mzazi anapouliza atapata wapi kitulizo, hajibiwi kwa ahera wala kwa ufufuo. Anaambiwa kwamba kijana hakuwaaibisha watu wake. Faraja hiyo ni ya ukoo. Ni heshima ya nasaba, na wala haina dini ndani yake.

Katika "Epitaphs of the War", mfuatano wa tungo fupi za makaburini uliotoka mwaka 1919 kwa mfano wa tungo za Wayunani wa kale, mambo yanachafuka zaidi. Mojawapo ya tungo hizo, yenye mishororo miwili tu, inawapa wafu sauti wakisema kwamba wamekufa kwa sababu ya uongo wa baba zao. Wahakiki wamegawanyika. Wako wanaoona hapo toba ya baba aliyempeleka mwanawe vitani kwa mlango wa nyuma. Wako wanaosema kwamba Kipling, ambaye tangu zamani alikuwa akiwalaumu wanasiasa kwa kutoliandaa taifa, anaendelea tu na lawama zake. Ubishi huu hauna lazima ya kumalizwa. Mtungaji hodari huweza kuwalaumu wengine kwa maneno ambayo yanamchoma mwenyewe. Utungo mwingine katika mfuatano huo unastahili kukumbukwa, kwani utahitajika baadaye: ule wa askari wa Kihindu aliyefia Ufaransa. Anasifiwa kwamba kwao alikuwa akiiomba miungu ambayo watungaji wa kaburi lake hawaijui, nao wanaiomba miungu iyo hiyo imlipe kwa ushujaa wake katika nchi yao. Hapa Kipling anamwachia marehemu imani yake. Hamvalishi msalaba wala hamnyamazii.

Kazi iliyo bora kuliko zote, hata hivyo, ni ya nathari: hadithi fupi iitwayo "The Gardener", yaani "Mtunza Bustani". Kipling aliianza Machi 1925 baada ya kuyatembelea makaburi ya vita ya Rouen, na mwaka uliofuata akaiingiza katika mkusanyiko wake "Debits and Credits". Helen Turrell, mwanamke asiyeolewa wa kijiji cha Kiingereza, analea mtoto aitwaye Michael, ambaye kila mtu kijijini anajua kwamba ni mwana wa marehemu kaka yake aliyefia Bara Hindi. Neno "anajua" ndilo linalobeba hadithi nzima. Msimulizi amejificha ndani ya sauti ya kijiji; anasema kile ambacho kijiji kimekubali kukijua, kwa adabu ile ile ambayo kijiji hukitumia kufunika kile kinachokishuku. Hakuna mahali popote ambapo msimulizi anatamka kwamba Helen ni mama wa mtoto. Kuna ishara tu: mtoto anaruhusiwa kumwita mama wakati wa kulala, na Helen anakwenda kuwaeleza rafiki zake habari ya ruhusa hiyo, jambo linalomuudhi mtoto kwa haki.

Michael anauawa kwa kombora, na ukuta unaanguka juu ya mwili wake na kuuficha. Zinafuata kurasa ambazo zinaonyesha kwamba mwandishi aliyapitia aliyoyaandika: hatua za kiofisi za mtu kugeuzwa kuwa mfiwa. Barua hizi, kisha barua zile; taarifa ya kutoweka, kisha ya kufa, kisha, baada ya vita, ya kupatikana kwa mwili na nambari ya kaburi. Helen, aliyewahi kuonyeshwa kiwanda cha silaha wakati wa vita, anajihisi naye anatengenezwa kama kombora, hatua kwa hatua, mpaka awe jamaa aliyefiwa kwa mujibu wa kanuni. Ni mara chache fasihi ya vita imeisema kweli hii kwa ukavu namna hiyo: kwamba majonzi ya familia ya askari si yao peke yao, yanapangwa na kukabidhiwa na serikali ile ile iliyomchukua mtoto.

Akiwa safarini kwenda kaburini, Helen anakutana na mwanamke mwingine, Bi Scarsworth, anayesema kwamba huenda makaburini mara kwa mara kuwapigia picha watu wasioweza kufika. Usiku mwanamke huyo anamjia chumbani na kuungama kwamba hayo yote ni kisingizio. Anakwenda kumzuru mtu mmoja, aliyekuwa kwake kila kitu ambacho hakupasa kuwa. Msomaji anatazamia kwamba Helen naye atafungua moyo. Hafungui. Anatamka neno la upole, na mgeni anatoka, akiwa hakupata alichokitaka. Waongo wawili wamekutana, mmoja amethubutu na mwingine hakuthubutu, na hadithi haimlaumu yeyote.

Asubuhi yake Helen anaingia katika uwanja wa makaburi, naye hajui aelekee wapi. Mtu mmoja amepiga magoti nyuma ya safu ya mawe, akipanda mimea katika udongo laini. Anamwuliza anamtafuta nani. Helen anataja jina kamili la Michael, kisha anaongeza, kama alivyozoea maisha yake yote, kwamba ni mpwa wake. Mtu yule anamtazama kwa huruma isiyo na mwisho, na anamwambia amfuate amwonyeshe alipolala mwanawe. Helen anapoondoka baadaye anageuka kumtazama mara ya mwisho, akidhani kwamba ni mtunza bustani.

Kila asomaye Injili ya Yohana, sura ya 20, anajua dhana hiyo imetoka wapi. Lakini tofauti ndiyo yenye maana kuliko ufanano. Katika Injili, Mariamu Magdalena anadhani kwamba aliye mbele yake ni mtunza bustani mpaka anapoitwa kwa jina lake, na hapo anamtambua. Kipling anaikata hadithi kabla ya utambuzi. Helen haitwi kwa jina. Hamtambui mtu yule, wala msimulizi hamtambulishi. Aliyekuja na jina ni Helen mwenyewe: jina la marehemu analo, pamoja na safu na nambari. Asichokuwa nacho ni haki ya kumwita mwana. Hiyo ndiyo anayorudishiwa, bila kuiomba, bila kuungama, na huenda bila kuelewa ni nani aliyempa. Imani ya hadithi hii imo katika huko kurudishiwa. Kipling hakuwa Mkristo wa kwenda kanisani, na hapa hamdai msomaji wake aamini chochote. Anaonyesha tu kwamba kumheshimu marehemu ni kumrudishia nasaba yake, na kwamba jambo hilo linapita uwezo wa ofisi yoyote.

Mfasiri wa Kiswahili ambaye angejaribu kuileta hadithi hii nyumbani angekumbana na ugumu unaofundisha. Kwa Kiswahili, shangazi humwita mtoto wa kaka yake "mwanangu" bila kusema uongo. Hadithi nzima ya Kiingereza imejengwa juu ya ukuta baina ya mwana na mtoto wa kaka, na ukuta huo katika lugha ya ukoo wa Waswahili una malango mengi. Helen wa Kiswahili angeweza kulia hadharani kwa neno "mwanangu", na kijiji kisingeshtuka. Mfasiri angelazimika kumpa neno "mpwa", ambalo kwa asili ni la mtoto wa dada, ili ubaridi wake usikike. Huku si kusema kwamba jamii moja ina huruma kuliko nyingine. Siri ya mzazi asiyeolewa ilikuwa nzito pwani kama ilivyokuwa Uingereza. Ni kusema tu kwamba lugha hizi mbili zinaificha siri hiyo katika pembe tofauti.

Hadithi ina kasoro yake pia, na wasifuji wake hawaitazami. Ili uongo wa Helen usimame, ilimpasa amsingizie mwanamke wa tabaka la chini, binti wa askari mstaafu asiye na cheo kikubwa, kuwa ndiye aliyezaa na kisha kulipwa aachilie mtoto. Huruma ya mtunza bustani inamfikia Helen, lakini yule aliyebebeshwa aibu yake hatajwi tena. Wabeba mizigo ya wengine wana kawaida ya kutoweka katika maandishi ya Kipling.

Mwaka 1917 Kipling aliingia katika Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka huo, akawa mshauri wake wa maneno. Tume iliamua kwamba maiti hazitasafirishwa kurudishwa kwao, na kwamba mawe yatakuwa ya namna moja bila kujali cheo, kukiwa na nafasi ya herufi 66 za maneno yatakayochaguliwa na familia. Kwa kaburi la asiyetambulikana, Kipling alitoa kauli kwamba huyu anajulikana na Mungu. Kwa jiwe kuu la kumbukumbu alichagua kauli kutoka Yoshua bin Sira, sura ya 44, isemayo kwamba jina lao linaishi milele. Uchaguzi huo una kinaya chake. Sura iyo hiyo, aya chache kabla, inawataja wale wasio na ukumbusho wowote, walioangamia kama kwamba hawakuwapo. Aya moja ilipelekwa kwenye mawe na nyingine ikaachwa kitabuni.

Sasa maandishi ya Nairobi yanaweza kusomwa upya. Yanawataja askari wenyeji. Yanawataja wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Yanawataja wengine waliotumikia na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Kisha yanageuka na kumsemesha msomaji kwa nafsi ya pili: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Mungu hayumo, na majina hayamo. Badala ya vyote viwili wamewekwa watoto.

Yamkini kutomtaja Mungu kulikuwa ni adabu: waliokufa walikuwa Waislamu, Wakristo na wenye dini za jadi. Lakini adabu hiyo haisimami ikilinganishwa na Neuve-Chapelle, Ufaransa, ambako ukumbusho wa Wahindi ulizinduliwa tarehe 7 Oktoba 1927, Kipling mwenyewe akiwapo. Huko pia walikuwapo watu wa dini mbalimbali. Hata hivyo nguzo ya ukumbusho ule inatangaza, kwa Kiingereza na kwa hati za lugha zao, kwamba Mungu ni Mmoja na ushindi ni wake. Na kuta zake zina majina ya zaidi ya 4,700, vibarua wakiwa miongoni mwao. Mwaka huo huo wa 1927 ukumbusho wa Dar es Salaam ulizinduliwa bila ya hata jina moja. Kwa hiyo lililokosekana si maarifa ya kuwaheshimu wafu wa imani nyingi. Mtungaji wa utungo wa askari wa Kihindu alikuwa nayo maarifa hayo tangu mwaka 1919.

Na kauli yenyewe kuhusu watoto? Mwislamu wa pwani aisomapo hawezi kukosa kukumbuka hadithi ya Mtume inayofundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, mojawapo likiwa ni mtoto mwema amwombeaye. Tofauti ni ndogo kwa maneno, na ni kubwa kwa maana. Mtoto wa hadithi hiyo ana kazi ya kufanya, nayo inamfikia mzazi. Mtoto wa bamba anakumbuka tu. Kwa Wagikuyu nao, ambao walitoa wapagazi wengi, mwana wa kwanza hupewa jina la baba yake baba. Huko jina halikumbukwi, linarudi likitembea kwa miguu miwili. Kauli ya Kipling inawaahidi watu hawa jambo ambalo wao wenyewe walikuwa nalo tayari, tena kwa namna iliyo kamili zaidi, na inawanyima lile moja ambalo serikali peke yake ingeweza kulitoa: orodha. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki walikaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wengi walikuwa vijana wasio na watoto bado. Nani alikusudiwa awakumbuke hao?

Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Hadi hapo jina lililobaki mahali pa wapagazi lilikuwa ni la kikosi: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, maneno ya Kiingereza ya Carrier Corps yaliyosagwa na ulimi mpaka yakawa ya wenyeji. Kama kuna mbolezi ya Kiswahili iliyowadumu wapagazi hao, basi ni majina hayo mawili ya mitaa na masoko, ambayo hakuna aliyeombwa ayatunge.

Katika historia ya kikosi cha Irish Guards aliyoiandika kwa miaka kadhaa na kuitoa mwaka 1923, juzuu mbili, Kipling anamtaja mwanawe kama maofisa wengine, kwa cheo na jina la ukoo, kisha anaendelea na vita. Alikufa mwaka 1936 bila kujua kaburi lilipo. Mwaka 1992 Tume iliamua kwamba luteni mmoja wa Irish Guards asiyetambulikana, aliyezikwa Haisnes karibu na Loos, ni John Kipling. Wachunguzi wengine walipinga, na utafiti wa baadaye ukauunga mkono uamuzi huo. Jiwe likabadilishwa, likaandikwa jina. Mpaka siku hiyo jiwe lile lilikuwa na maneno ya baba yake, yaliyotungwa kwa ajili ya wana wa watu wengine, kwamba aliyelala hapo anajulikana na Mungu.